Uyu haiko muzimu: sanaa ya Katanga inamutafuta nani?

Wenzangu, nianze na ndoa moja. Dada mmoja tuliyesoma naye aliolewa hapa Lubumbashi, na baba yake alikuwa amekufa miaka saba mbele ya siku hiyo. Mupiga foto wa kartie alichukua foto ya zamani ya marehemu, akakata kichwa ndani ya telefone, akakivalisha kostime ya mtu mwingine, akamusimamisha mzee pembeni ya binti yake, mbele ya keki.

Foto ilipopita kwenye meza, kila mtu alisema lake. Kijana mmoja alicheka: kivuli cha watu wote kinaenda upande wa kushoto, mzee yeye hana kivuli. Shangazi mmoja akasema ile kostime marehemu hangekubali kuivaa hata siku moja. Mama wa bibi-arusi hakusema kitu juu ya kivuli wala juu ya kostime. Aliita jina la mume wake, mara moja tu, sawa vile unaita mtu aliye katika chumba cha pili.

Tangu siku ile ninajiuliza: sanaa inayotafuta watu wasioonekana inafanya kazi gani? Kwetu Katanga sanaa ya namna hii ni nyingi. Na ile yenye imejulikana zaidi duniani imetengenezwa na mtoto wa mji huu kwa njia ileile ya mupiga foto wa kartie, yaani kukata na kubandika. Ninataka kuisoma hapa kwa heshima, lakini si kwa kupiga makofi tu.

Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Mwaka 2006 alitengeneza mfululizo wa sanamu unaoitwa Mémoire. Sisi wahitimu tukisikia neno hilo tunafikiria kwanza kile kitabu cha mwisho wa masomo, chenye tulikitetea kwa jasho mbele ya maprofesa, na sasa kinalala kwenye kabati hakuna wa kukifungua. Ya Baloji ni nyingine. Alikwenda na kamera kwenye mashini za zamani za shaba, akapiga foto pana za rangi: vyuma vyenye kutu, paa zilizotoboka, udongo mwekundu, kuta zinazosimama peke yake. Kisha akatafuta foto za nyeusi na nyeupe za wakati wa ukoloni: watu wa kazi Waafrika, wakubwa Wazungu na nguo zao nyeupe. Akawakata, akawasimamisha katikati ya kutu ya leo. Mwaka 2007 alipata zawadi mbili kwenye maonyesho makubwa ya foto ya Bamako, na tangu hapo sanamu hizo zimezunguka Ulaya na Marekani.

Kwa msomaji asiye wa hapa, historia ni hii kwa kifupi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa mwaka 1911, mji wenyewe ukiwa na mwaka mmoja tu. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliichukua kampuni, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ulibomoka ndani, na miaka mitatu nyuma yake kampuni nzima ilikuwa inatoa chini ya tani 50,000. Kampuni hiyo ilikuwa imejenga kambi, shule na hospitali, na ilikuwa inagawa posho. Watu waliiita baba na mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Iniversite ya Lubumbashi, alitoa kitabu mwaka 2001 ambacho jina lake linawaita watu wa kazi na familia zao Bana Shaba, watoto wa shaba, walioachwa na baba yao. Kwa hiyo Baloji hakupiga foto ya vyuma vya zamani tu. Alipiga foto ya nyumba ya baba aliyekimbia.

Niseme kwanza kile ninachokisifu. Baloji hakuficha alama ya mkasi. Watu wengi wakitaka kutengeneza mzimu wanaweka moshi, wanaweka ukungu, wanafanya mwili uonekane kama kioo. Ni njia rahisi, inatisha dakika mbili kisha inasahaulika. Yeye aliwaacha watu wake wakiwa imara, wenye mistari mikali, nyeusi na nyeupe katikati ya rangi. Hakuna anayedanganywa. Unaona wazi kwamba mtu huyu hakuwa hapa siku foto ilipopigwa, na hapohapo unaona kwamba mahali hapa pasingekuwako bila yeye. Kijana wa kwenye ndoa angesema tena: hawa ni wa mahali pengine. Ni kweli, na Baloji anataka uone hivyo. Wakati wao na wakati wetu havishikani vizuri, na hakutaka kushona mahali ambapo kitambaa kimepasuka.

Tena, aliwapa mahali. Kwa Waluba wa Katanga hilo si jambo dogo. Zamani, mfalme wa Waluba akifa, makao yake hayakuachwa yaote majani. Yaligeuka kitenta, mji wa roho yake, na mwanamke mmoja, Mwadi, alipokea roho ya mfalme na kusema kwa kinywa chake. Walijua kwamba aliyekufa anahitaji vitu viwili: mahali pa kukaa na mdomo wa kusema. Nikitazama Mémoire ninaona kitenta cha shaba. Mahali papo, watu wamerudishwa, wanasimama. Lakini je, mdomo uko wapi?

Sikujiuliza swali hilo peke yangu. Nilimuonyesha sanamu mbili tatu mzee mmoja jirani yetu, ambaye alifanya kazi ya migodi miaka mingi katika jimbo letu na sasa amepumzika. Ninamuita nkambo ingawa hatuna damu moja. Alivaa miwani, akashika telefone mbali kidogo, akaanza na jengo, si na mtu. "Iyi njo kwenye balikuwa banasaga mawe," alisema, akaonyesha kwa kidole njia yenye mukaba wa mashini ulikuwa unapitia. Mimi nikajitia mwalimu, nikamwambia: "Nkambo, bantu ba sanaa banasema hii ni mizimu ya Katanga."

Aliondoa miwani. "Uyu haiko muzimu. Uyu njo mutu wa kazi. Angalia vile anasimama, bamemuambia asimame. Jina yake ni nani?"

Sikujua. Akaendelea: "Na siye benye tulibakia, tuko wapi mu foto? Miye niko muzima."

Nilisoma makala kadhaa juu ya Baloji, zingine za wataalamu wakubwa. Lakini maswali haya mawili ya nkambo ndiyo yalinifanya niandike. Jina yake ni nani? Na walio wazima wako wapi?

Tuchukue la kwanza. Foto za ukoloni zilikuwa na desturi yake: Mzungu anaandikwa jina na cheo, Mwafrika anaandikwa aina, kabila au kazi. Mtu wa kazi alikuwa na namba, na namba ilikuwa ya karani, si ya mama yake. Baloji alipowatoa watu hawa ndani ya akiba za picha, aliwatoa bila majina kwa sababu walikuwa wameingizwa bila majina. Mtu anaweza kumutetea na kusema: angefanya nini? Avumbue majina? Angekuwa anasema uongo juu ya wafu. Kimya chao ndicho ushahidi wenyewe. Ninakubali. Lakini ninakubali nusu, na sababu ya nusu nyingine iko ndani ya lugha yetu.

Miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walikuwa wanauza sanamu ambazo watu wa kawaida walining'iniza ndani ya saluni: mamba muntu, yule mwanamke wa maji, au "Colonie Belge", mfungwa anapigwa fimbo mbele ya Mzungu. Ukiwauliza wachoraji na wanunuzi sanamu hizi ni za nini, hawakusema kwanza neno uzuri. Walisema ukumbusho. Tuliangalie neno hilo. Kukumbuka ni kazi ya mtu peke yake: ninakaa, ninakumbuka, ninalia au ninacheka, inaisha. Kukumbusha inataka watu wawili na jambo moja kati yao. Mtu akija mlangoni kwako asubuhi na kusema "nimekuja kukukumbusha", hakuna haja ya kuuliza amekuja kwa sababu gani. Unajua kuna deni.

Kifaransa "mémoire" inasikika kama kumbukumbu, kitu kinachokaa ndani ya kichwa au ndani ya kabati. Ukumbusho unatembea, unakwenda kugonga mlango wa mtu. Na huwezi kudai deni la mtu ambaye hutaji jina lake. Ndiyo maana swali la nkambo si swali la mzee asiyeelewa sanaa ya kisasa. Ni swali la mtu anayejua hesabu.

Hapa inafaa nimulete Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mji huuhuu mwaka 1947, wakati uliitwa Elisabethville. Alichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, akauza kwa bei ndogo, na alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alichora sanamu kama 100 za historia ya nchi nzima kwa ajili ya Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyekuwa anafundisha hapa, na alimueleza kila moja kwa Kiswahili ya Katanga. Mara nyingi aliandika ndani ya sanamu yenyewe: jina, tarehe, mahali. Alichora mauaji ya mwezi wa kumi na mbili 1941, wakati askari walipiga risasi watu wa kazi wa Union Minière waliogoma, kwenye uwanja wa mpira wa mji, na kati ya waliokufa alikuwamo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Tshibumba hakuwako, alikuwa hajazaliwa. Hakuwa na foto. Alikuwa na masimulizi ya watu na brashi.

Na alimuchora Lumumba. Tukumbuke: Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, huko Shilatembo, si mbali na mji wetu. Miili yao ilifukuliwa, ikakatwa, ikayeyushwa kwa asidi, kusudi pasiwe na kaburi wala mahali pa kwenda kulia. Sijui mfano mwingine ulio wazi zaidi wa watu wanaotengeneza asiyeonekana kwa makusudi. Waliogopa maiti kuliko walivyoogopa mtu mzima. Na Tshibumba, miaka kumi na miwili au kumi na mitatu nyuma yake, akachora wale watatu wamelala chini, na nyuma yao misalaba mitatu juu ya kilima. Alirudisha miili iliyokatazwa. Watu wanaweza kusema misalaba ni kuzidisha, ni katekisimu. Mimi ninaona mtu aliyefikiri vizuri. Misalaba mitatu inamuuliza kila Mkristo wa Katanga, na kila Mkristo wa Ubelgiji, kama anaijua hadithi hii na mwisho wake, na yeye mwenyewe alisimama upande gani.

Habari za asidi zilikuja kuelezwa wazi mbele ya dunia mwishoni mwa miaka ya 1990. Bunge la Ubelgiji lilifanya uchunguzi, na mwaka 2002 serikali yao iliomba radhi. Jino moja, lililokuwa limefichwa na polisi Mbelgiji aliyeshiriki kuharibu miili, lilirudishwa kwa familia mwezi wa sita 2022, na kabla ya kuzikwa Kinshasa lilipitishwa hadi hapa kwetu. Mchoraji wa mifuko ya unga alikuwa ametangulia wote hao kudai mwili. Hiyo ndiyo ukumbusho. Haikungojea akiba za picha zifunguliwe.

Sitaki kusema Tshibumba ni mzuri, Baloji ni mbaya. Hilo lingekuwa somo la watoto. Tshibumba anataja majina, lakini kwa kutaja anaamua kwa niaba yetu. Katika sanamu zake kila mtu ana sehemu yake, shujaa ni shujaa, msaliti ni msaliti, na mara zingine kuna makosa ya tarehe na ya mambo. Baloji haamui. Anakuweka mbele ya mtu aliyekatwa na mkasi, anakuacha naye. Tshibumba anajibu hata kabla hujauliza. Baloji anauliza, kisha anaondoka na kamera yake. Mtu aliyesoma shule nyingi anapenda zaidi wa pili, kwa sababu kimya kinatufanya tujione wenye akili. Nilijiona hivyo mwenyewe, mpaka nkambo alipoondoa miwani.

Sasa swali la pili, la walio wazima. Katika foto za Mémoire, mahali pa leo ni karibu patupu. Watu ni wa zamani, vyuma ni vya sasa. Lakini mwaka 2006 mahali hapo hapakuwa patupu. Miaka miwili mitatu mbele, kati ya 2003 na 2004, zaidi ya watu 10,000 wa Gécamines walitolewa kazini katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Mpango huo uliitwa "départ volontaire", kuondoka kwa kupenda, na kila mtu wa Katanga anajua vile watu walicheka kwa uchungu walipolisikia neno hilo la kupenda. Walipewa pesa ya mara moja, na wengi wao wamedai tangu siku ile kwamba hesabu haikuwa kamili. Walikuwa wanaishi pembeni ya majengo yaleyale, wanalima mihogo nyuma ya kambi. Vijana walikuwa wanachimba kwa mikono, creuseurs, na magunia migongoni. Kuwaacha nje ya foto ni uchaguzi wa mwenye kamera. Ukifanya mahali pa watu wazima paonekane kaburi, unawazika bila kuuliza.

Hatari hiyo haimuhusu Baloji peke yake, na kwa haki lazima niseme kwamba yeye mwenyewe ameijibu. Mwaka uleule wa 2006 alitengeneza video, nayo inaitwa Mémoire, ambamo Faustin Linyekula anacheza ndani ya majengo hayohayo huku unasikia sauti za viongozi wakitoa hotuba za ahadi. Kwangu video hiyo inapita foto. Ndani yake kuna mwili mmoja wa leo, unatoka jasho, unatafuta pa kuweka mguu kati ya vyuma. Hotuba ndizo zinakuwa mizimu. Mtu ndiye anakuwa mtu. Na miaka iliyofuata Baloji alikwenda Kolwezi, akapiga foto za makambi na mashimo ya creuseurs, akaziweka pembeni ya zile posta za Kichina za rangi kali, zenye majumba marefu na maua, zile tunazoziona katika nyumba zetu na katika restora ndogo. Hapo asiyeonekana si aliyekufa. Ni mtu wa miaka ishirini aliye chini ya ardhi sasa hivi wakati unasoma maneno haya, na ndoto ya nyumba nzuri iliyonunuliwa sokoni.

Bado kuna jambo moja linaloniuma. Sanamu za Tshibumba zile 100 hivi ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho. Maneno yake ya Kiswahili yalitoka katika kitabu kwa Kiingereza mwaka 1996. Yeye mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuna anayejua kaburi lake. Mtu aliyetafuta wasioonekana akawa mmoja wao. Foto za Baloji zinaonekana zaidi New York na Brussels kuliko Kipushi. Wengi wetu tunakasirika tukisikia hivyo. Mimi nilikasirika pia, kisha nikafikiri tena juu ya neno ukumbusho. Kama kazi yake ni kudai, basi ni sawa ipelekwe mlangoni kwa mwenye deni. Brussels ni mlango mzuri wa kugonga. Lakini deni lina pande mbili: kuna wa kulipa, na kuna mwenye kudai, yaani mrithi. Wa kulipa amekwisha kuonyeshwa. Mrithi, yule mtoto wa Likasi ambaye nkambo wake alisukuma magari ya mawe, anazijua sanamu hizi kwa bahati tu, kama amepata megabaiti za kutosha siku hiyo. Tangu 2008 kuna Picha, kituo ambacho Baloji na wenzake walianzisha hapa Lubumbashi, na maonyesho yake ya biennale. Ni jambo kubwa. Lakini kati ya kituo na kambi kuna barabara ndefu, na wenye kuijaza barabara hiyo ni sisi tuliosoma, hakuna wengine.

Ninasema hivi juu ya kitu ninachokiona siku hizi. Vijana wengi wa umri wetu wanachukua telefone, wanakwenda kwenye majengo yaliyokufa, wanapiga foto za rafiki akiwa na shuka jeupe au uso wenye pemba, wanaandika chini "mizimu ya Katanga". Foto ni nzuri kweli. Mimi pia nimezipenda. Lakini jiulize: inamukumbusha nani? Nini? Kama hakuna jibu, basi ni kumbukumbu ya mtu mwingine tumeivaa kama ile kostime ya kwenye ndoa. Mama wa bibi-arusi hakuhitaji kivuli sahihi, kwa sababu jina alikuwa nalo. Sisi tuko na vivuli vizuri sana, na majina hatuna.

Kuna kazi isiyohitaji ruhusa ya makumbusho wala pesa ya mradi. Karibu kila nyumba hapa, na Likasi, na Kolwezi, kuna foto moja ndani ya sanduku: wanaume wamesimama mistari miwili, nguo za kazi, mikono nyuma, na hakuna maandishi. Mzee anayeweza kusema "uyu njo fulani" ana miaka themanini. Yeye akienda, watu wote wa ile foto wanakuwa mizimu siku moja, kwa pamoja, na hakuna msanii atakayeweza kuwarudisha isipokuwa bila majina.

Nilirudi kwa nkambo wiki iliyofuata. Nilitaka kumuomba radhi kidogo. Hakuwa na habari na radhi. Aliingia ndani, akakaa muda, akatoka amevaa viatu vilivyopigwa kiwi na shati ya rangi ya bluu. Akakaa kwenye kiti mbele ya mlango. "Pika foto," alisema. "Ya rangi." Nilipomaliza, akaniambia niandike chini yake jina lake lote, la baba na la nkambo wake, na mwisho akanitajia namba yake ya kazi, tarakimu moja moja, haraka, bila kufikiri, sawa vile sisi tunataja namba ya telefone.

Nimeiandika.